Mkeka Mbele ya Kanisa

Fiasili alikuwa ndani ya maji hadi mapajani, anaondoa mawe juu ya mafungu ya majani ya mkadi. Majani ya kusukia mkeka wa heshima huzamishwa baharini upande wa ndani wa mwamba, yakagandamizwa kwa mawe, yakaachwa yalowe mpaka ngozi yake ngumu ianze kujivua. Ukiyatoa mapema yanakatika mkononi. Ukiyachelewesha yanaoza. Jioni ile ndiyo ilikuwa jioni yake, na maji yalikuwa yanajaa, mawimbi yanaupiga mwamba kwa kishindo. Fiasili aliinama, akapapasa, akang'oa jiwe, akavuta fungu, akanusa. Yalikuwa yameiva.

Ulibaki upindo mmoja tu. Mkeka wenyewe aliuanza mama yake, Lepeka, kabla macho yake hayajafa. Macho yalipokufa Fiasili aliupokea pale pale mama alipoachia, na kwa miaka mingi sasa alikuwa anausuka kila alfajiri kabla ya kwenda kulima majimbi. Chane zake zilikuwa nyembamba kama nyuzi za kushonea nguo. Ukiukunja unaingia kwapani kama kitambaa. Ukiukunjua unafunika sakafu ya chumba. Wanawake wa kijiji chao cha Sagaotu walikuwa wanakuja kuugusa tu, halafu wanaondoka bila maneno mengi. Wote walijua ni wa nini. Ulikuwa wa kumfunika Lepeka siku atakayokufa.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba Fiasili alikuwa anausali. Hakuwa mtu wa sala ndefu. Anapopitisha chane moja chini ya nyingine anataja jina: la mama, la marehemu mumewe, la jirani anayeumwa mgongo, la mwanawe aliyekwenda kufanya kazi kiwandani Auckland na hapigi simu. Jina moja, chane moja. Alisema na Mungu hivyo, kwa vidole, na hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuona kuwa ni jambo la kuambiwa mtu.

Alipokuwa anajitwika fungu la mwisho alisikia baragumu. Kila jioni pale Sagaotu kome hupulizwa mara tatu. La kwanza, kila mtu arudi kwake. La pili, sala inaanza, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuonekana nje. La tatu, sala imekwisha. Fiasili hakuwa na shaka kwamba lile lilikuwa la kwanza. Alitoka majini, akashika barabara, akaharakisha ili awahi kusali na mama yake.

Lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa limemezwa na mawimbi.

"Simama hapo, shangazi."

Sakaria, mkubwa wa walinzi wa sala, alikuwa amesimama katikati ya lami, kajifunga shuka la buluu, fimbo mkononi, mwili kama lori. Wenzake walikuwa wamejipanga kando ya barabara mpaka kwenye kona.

"Nasimamaje na mzigo unachuruzika hivi? Nipishe niwahi, la pili litapulizwa sasa hivi."

Walicheka. "La pili limeshapulizwa," Sakaria alisema. "Ulikuwa unapiga soga na samaki?"

"Nimesikia moja."

"Umesikia moja, yamepulizwa mawili. Kaa chini, shangazi. Usinitie matatani."

Alikaa kwenye majani kando ya barabara, mzigo wake miguuni, maji ya chumvi yanamtiririka mgongoni. Kutoka kila nyumba nyimbo zilianza, nyingine juu, nyingine chini, kila ukoo na mkuu wake. Yule aliyekuwa mkali wa sauti alijulikana kijiji kizima: shemasi Neemia, ambaye aliimba ili asikike na mchungaji. Fiasili aliwatazama walinzi. Wawili walikuwa wamechuchumaa nyuma ya mti wa shelisheli wanacheza karata. Mmoja alikuwa anavuta sigara, ameificha ndani ya kiganja.

"Sakaria."

"Naam, shangazi."

"Ninyi mnasali saa ngapi?"

"Sisi tunalinda."

"Naona mnalinda. Nimeuliza mnasali saa ngapi."

Mmoja wa wacheza karata akadakia: "Huyu mara ya mwisho kusali ilikuwa siku ile timu yetu inapigiwa penalti. Alisali mpaka akalia."

Wakacheka tena, na Sakaria naye akacheka, tena kwa aibu kidogo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Lakini la tatu lilipopulizwa alikwenda moja kwa moja kwa shemasi Neemia kulitaja jina la Fiasili. Ndiyo kazi yake. Mlinzi asiyeleta jina huulizwa alikuwa anaangalia wapi.

*

Baraza la wakuu wa koo lilikaa asubuhi. Fiasili hakuitwa. Mwanamke asiye na cheo haitwi kujitetea. Anayekwenda ni mkuu wa ukoo wake, na mkuu wa ukoo wao alikuwa kaka yake, Alapati. Fiasili alibaki nyumbani, anaparua majani kwa ganda la kombe mpaka yang'ae, mama yake kalala upande wa pili wa nyumba anasikiliza mparuo.

"Hilo umelikaza mno," Lepeka alisema.

"Ulijuaje?"

"Linalia."

Alapati alirudi jua likiwa juu. Alivua shati, akakaa mbali na dada yake, akaomba maji. Alikunywa yote kabla ya kusema.

"Nguruwe?" Fiasili aliuliza.

"Hawataki nguruwe."

"Samaki wa kopo basi. Makatoni mangapi?"

"Wamesema kopo zimepanda bei, hawataki kukuumiza." Akageuza kikombe chini juu. "Wanataka ifoga."

Fiasili alicheka, akidhani anataniwa. Alipomwona kaka yake hacheki, aliweka ganda chini.

"Ifoga ni ya damu, kaka. Mtu akiua. Mtu akiharibu binti wa watu. Mimi nimepita barabarani na majani."

"Neemia amesema kuvunja sala ni kumpiga Mungu kofi. Na mchungaji ndiye agano letu na Mungu, kwa hiyo kofi limempata yeye." Alikuwa anasema kama mtu anayesoma kitu alichokaririshwa. "Utakwenda leo, kabla ya jua kuzama. Utakaa chini mbele ya nyumba yake mpya, umejifunika mkeka kichwani, mpaka atoke mwenyewe auondoe. Akiuondoa, amekusamehe. Yamekwisha."

"Na mkeka?"

"Unajua ifoga ilivyo. Mkeka unabaki kwa aliyekosewa."

"Mkeka upi?"

"Dada."

"Humu ndani kuna mikeka ya kulalia, kuna ule wa kuanikia mbegu za kakao. Nauliza upi."

"Wameutaja," Alapati alisema, akatazama miguu yake.

Hapo ndipo Fiasili alipoelewa. Jumapili nyumba mpya ya mchungaji ilikuwa inafunguliwa. Wageni walikuwa wanatoka vijiji vyote vya pwani ile, na mikeka ya heshima itakunjuliwa uwanjani mmoja mmoja, watu waishangilie, kijiji kionekane. Sagaotu kilikuwa na ghorofa, kilikuwa na vioo, kilikuwa na tangi la maji linalong'aa. Mkeka wa kujivunia hakikuwa nao. Tangu mwezi uliopita wake wa wakuu walikuwa wanapitapita nyumbani kwake, wanauliza, eti unakaribia kwisha?

"Nikikataa?"

"Tutafutwa kanisani, ukoo mzima. Atakayekufa kwetu mchungaji hamziki, na hakuna atakayemwimbia. Na wakizidi kukasirika tutahamishwa. Unaikumbuka nyumba ya fundi Iosua."

Aliikumbuka. Nani Sagaotu asiyeikumbuka? Iosua alianza kusoma Biblia kwake na mkewe na wanawe, akasema anamsikia Mungu vizuri zaidi pasipo na kelele. Hakumtukana mtu. Nguzo za nyumba yake bado zimesimama kule karibu na kisima, nyeusi za moto, na watoto wanafundishwa wasichezee pale.

"Wewe ulisema nini barazani?"

"Nilishukuru."

"Ulisema nini?"

"Ndivyo inavyosemwa, Fiasili. Ukihukumiwa unashukuru."

Kutoka upande wa pili wa nyumba Lepeka alikohoa, na wote wawili wakakumbuka kwamba kipofu si kiziwi.

*

Mchungaji Eteuati alikuwa kibarazani pa nyumba yake mpya, amevaa fulana, miwani puani, anaandika mahubiri ya Jumapili. Alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Alimkaribisha Fiasili kwa mikono miwili, akamwita mkewe alete chai na biskuti, na mkewe akateremka kutoka kwenye ngazi alikokuwa anatundika mapazia, akaleta, akarudi kutundika.

"Mama hajambo, binti yangu?"

"Hajambo kidogo, mchungaji. Nimekuja kwa lile jambo."

"Nimelisikia. Nimehuzunika sana."

"Mimi nilikuwa nawahi sala. Nilidhani ni baragumu la kwanza. Baharini lile la mwanzo halikusikika."

"Nakuamini kabisa."

Fiasili alipumua. "Basi waambie baraza. Neno lako moja linatosha."

Mchungaji alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka. "Binti yangu, mimi ni mgeni hapa. Kijiji kiliniita, kijiji kinanilisha. Siwezi kuingilia baraza. Hukumu ni yao."

"Wao wamesema ni kwa ajili yako."

"Heshima yao hiyo. Siwezi kuikataa. Nikiikataa nitakuwa nimewavunja."

"Kwa hiyo wao wanasema ni wewe, na wewe unasema ni wao."

Alitabasamu, kana kwamba amesikia mtoto akikosea hesabu. "Unywe chai, inapoa."

"Mchungaji, jana nilisali. Nilikuwa natembea na nasali. Hata pale waliponikalisha nilikuwa nasali. Labda ni mimi peke yangu niliyekuwa nasali barabara ile yote."

"Sina shaka. Lakini sala ya njiani baraza haliioni."

"Mungu haioni?"

"Mungu anaiona," alisema mchungaji Eteuati kwa upole wake ule ule. "Ila Mungu hakai barazani. Kijiji kinahitaji utaratibu. Leo wewe umekosea kusikia, kesho mwingine atasema naye amekosea kusikia, na keshokutwa hakuna sala."

Kule juu ya ngazi mkewe aliuliza, bila kugeuka, kama ule mkeka una manyoya mekundu upindoni.

"Bado," Fiasili alisema. "Upindo haujakwisha."

"Si kitu," alisema mke wa mchungaji. "Tutamaliza sisi."

Kamba ya Sagaotu husukwa hivyo. Baraza linamshika mchungaji mkono, mchungaji analishika baraza mkono, wanaitana mheshimiwa, na shingo iliyo katikati ni ya mwanamke anayelima majimbi. Wala hakuna anayevuta. Ukiwauliza watakuonyesha mikono yao mitupu. Fiasili aliiacha chai pale pale, akaaga kwa adabu zote, akashuka ngazi ambazo kijiji kilizijenga kwa mchanga wa kubeba kichwani. Naye alibeba.

*

"Wape," Lepeka alisema.

Fiasili alikuwa anamlisha majimbi yaliyopondwa kwa tui. Alisimamisha kijiko.

"Nini?"

"Wape huo mkeka. Nini kinakutatiza? Ni majani."

"Ni wako, mama. Umekufa macho juu yake."

"Macho yangu yangekufa tu." Kikongwe alifungua kinywa, akapokea kijiko, akameza. "Niliwasukia wachungaji wanne mimi. Wa kwanza alikuwa hata hajui kula samaki mwenye miba. Mmoja zaidi ataniongezea nini?"

"Na wewe nikufunike nini?"

"Shuka. Shuka si nguo?"

Fiasili aliweka bakuli chini. Alijua mama yake anapofanya mzaha haraka haraka namna ile kuna kitu anakipita kando. Akasubiri. Mwishowe Lepeka aliinua mkono, akautafuta mkono wa binti yake hewani mpaka akaupata.

"Sitaki kuzikwa kimya," alisema. "Nimewaimbia watu wote wa kijiji hiki, Fia. Kila aliyekufa nilikuwepo, sauti yangu ilikuwepo. Mimi nikafukiwe kama mbwa, Alapati anachimba, wewe unalia, basi? Watu wamesimama kwenye milango yao wananiangalia, wanaogopa kuimba kwa sababu shemasi anawaangalia? Wape. Waniimbie."

Mkono wake ulikuwa mkavu kama jani lililoparuliwa. Fiasili aliushika, na hasira iliyompanda ilikuwa ya namna ambayo hakuwahi kuijua. Hakumkasirikia mama yake. Mwanamke huyu alizungumza na Mungu kila siku tangu hajaota meno ya ukubwani. Hakuwahi kuiba, hakuwahi kumsema mtu vibaya ila Neemia. Na sasa mwishoni, gizani, hakuwa anamwogopa Mungu hata kidogo. Alikuwa anamwogopa shemasi. Shemasi na wenzake walikuwa wamekaa katikati yake na Mungu kama watu wanaolinda daraja, wanamwambia lipa ndipo upite, naye alikuwa ameamini kwamba daraja ni lao.

"Sawa, mama," alisema. "Nitaupeleka."

"Leo?"

"Leo hii."

"Mwambie mchungaji namsalimu."

Fiasili alimfuta mdomo. Akaoga, akavaa gauni jeupe la Jumapili, akapaka nywele mafuta ya nazi. Kisha akaingiza mkono chini ya godoro la mama yake akautoa mkeka, na Lepeka alipousikia unatoka alinyoosha vidole, akaugusa mara moja, akavirudisha kifuani.

*

Watu walikuwa wamekwisha kujikusanya Fiasili na kaka yake walipofika uwanjani, maana habari ya ifoga haihitaji kutangazwa. Wakuu wa koo walikuwa wamekaa wameegemea nguzo za nyumba ya baraza, kila mmoja kwenye nguzo yake. Neemia alikuwa mbele ya nyumba mpya ya mchungaji, shati jeupe, anaonyesha kwa kidole mahali palipofagiliwa. Mchungaji mwenyewe alikuwa ndani, kama inavyotakiwa. Anayeombwa msamaha hatoki upesi.

Fiasili alitembea na mkeka kwapani, Alapati nyuma yake kainamisha kichwa. Walifika mahali palipofagiliwa. Fiasili akapita.

"Dada," Alapati alinong'ona. "Nyumba ni ile."

"Naiona."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa niliyemkosea."

Alivuka uwanja mzima. Upande ule kulikuwa na kanisa tu, jeupe, minara miwili, milango yake mikubwa imefungwa kwa kuwa haikuwa siku ya ibada. Fiasili alikaa chini mbele ya ngazi zake, akakunja miguu, akakunjua mkeka. Jua lilikuwa limelala na mwanga ukaushika ule mkeka ukameremeta kama maziwa, na hata wale waliokuja kucheka walivuta pumzi, kwa sababu walikuwa hawajawahi kuuona umekunjuliwa wote. Kisha akajifunika kichwa. Akainama. Akatulia.

Neemia alifika mbio. Mtu wa umri wake hakimbii uwanjani, lakini alikimbia.

"Binti wa Lepeka, umekosea njia?"

"Hapana, mzee." Sauti ilitoka chini ya mkeka, tulivu.

"Ifoga yako ni kwa mchungaji."

"Barazani ulisema nimempiga Mungu kofi."

"Nilisema—"

"Basi nimekuja kwake. Nimekaa mlangoni pake, nimejifunika. Akitoka akiuondoa mkeka, ni wake, na mimi nimesamehewa."

Mtu mmoja kwenye kundi la wanawake alicheka, akakiziba kicheko kwa kiganja. Neemia aligeuka kumtafuta, hakumpata. Akamgeukia Alapati. "Mkuu wa ukoo, mwamrishe dada yako."

Alapati aliufungua mdomo. Asubuhi ile alikuwa ameshukuru. Kila mtu alimwona akishukuru. Sasa aliutazama mkeka, na lile umbo dogo chini yake, akasema polepole: "Baraza liliamua ifoga. Yule pale yuko chini ya mkeka. Nimwamrishe nini tena?"

"Basi nauondoa mimi," Neemia alisema, akanyoosha mkono.

"Nani huyo?" Fiasili aliuliza kutoka ndani.

"Neemia."

"Kama ni wewe niliyekukosea, mzee, uondoe. Wote waone ni wewe uliyekuwa unasaliwa jana."

Mkono wa shemasi ulisimama hewani. Aliutazama uwanja. Uwanja ulimtazama. Hakuna mtu Sagaotu asiyejua sheria ya ifoga kwa damu yake: anayeuinua mkeka anasema kwa tendo hilo, kosa lilikuwa juu yangu, na mimi ndimi ninayesamehe. Na aliye chini ya mkeka haguswi, hasukumwi, havutwi, mpaka aliyekosewa atoke. Neemia aliurudisha mkono, akajikuna nao shingo, kana kwamba ndicho alichounyooshea.

Wakamwita mchungaji.

Alikuja taratibu, amekwisha kuvaa koti, na watu wakampisha. Alisimama mbele ya mkeka muda mrefu. Mkewe alikuwa amebaki kibarazani kule ng'ambo, mkono umeshika pazia.

"Fiasili," alisema kwa upole. "Binti yangu. Inuka twende nyumbani. Nimekusamehe."

"Asante, mchungaji. Wewe sikukukosea."

"Unajua ninavyomaanisha."

"Sijui. Uliniambia hukumu si yako. Sasa msamaha ni wako?"

Mchungaji Eteuati hakuwa amezoea kuulizwa swali mbele ya watu. Mimbarini haulizwi mtu. Aliinama kidogo, vidole vyake vikafika karibu na pindo la mkeka, karibu kabisa, akaona jinsi chane zilivyokuwa nyembamba. Na inawezekana alikuwa anataka kuuinua kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa chini yake, na inawezekana alikuwa anautaka mkeka. Hata yeye mwenyewe labda hakujua. Lakini wazee, vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, wote walikuwa wanangoja waone kama mchungaji wao atatoa msamaha wa Mungu kwenye mlango wa Mungu na kuondoka na mkeka kwapani. Alisimama wima. Akasema itabidi baraza likae tena.

Ndipo baragumu la kwanza lilipopulizwa.

Walitazamana. Hakuna aliyetaka kuondoka, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki. Sheria waliyoitunga wenyewe ilikuwa inawafukuza. Akina mama walianza kuita watoto. Wakuu wa koo waliinuka kwenye nguzo zao mmoja mmoja, wanapangusa mashuka, hawaangalii upande wa kanisa. Mchungaji alivuka uwanja na kuingia ndani, na pazia likafungwa. Alapati alichuchumaa kando ya mkeka.

"Nitamsalisha mama," alisema.

"Mwambie nimeupeleka."

"Akiuliza kama watamwimbia?"

"Mwambie sijui. Mwambie mimi nitaimba."

Neemia ndiye aliyekuwa wa mwisho. "Sakaria," alisema akiharakisha, "hakikisha."

"Nihakikishe nini, mzee?"

Baragumu la pili lilimkuta shemasi anakimbilia mlango wake.

Uwanja ulibaki mtupu. Nyimbo zilianza majumbani, lakini zilikuwa nyembamba jioni ile, zimekatikakatika, kama za watu wanaoimba huku wanachungulia kwenye mapazia ya makuti. Walinzi walijipanga barabarani kama kawaida. Hakuna aliyetoa karata. Sakaria alikaa kitambo, akizungusha fimbo mkononi, halafu akaja, hatua za mtu mzito, akasimama kando ya mkeka.

"Shangazi. Saa ya sala hii."

"Najua, mwanangu. Nasali."

"Natakiwa nimtoe mtu yeyote aliye nje."

"Nitoe basi."

Aliutazama mkeka. Alikuwa na mikono ya kunyanyua boti peke yake. Hakuusogeza hata mmoja. Chini ya mkeka alisikia mchakacho mdogo, wa taratibu, jani juu ya jani, kisha kimya, kisha tena. Vidole vya Fiasili vilikuwa vimeupata upindo ambao haujakwisha, chane zikining'inia mapajani mwake, na vilikuwa vinasuka.

"Unafanya nini humo?"

"Nimekwambia. Nasali."

"Sasa utakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mwenyewe atoke."

Sakaria aligeuka akautazama mlango wa kanisa. Ulikuwa umepitishwa mnyororo, mnyororo ukatiwa kufuli, kufuli kwa nje; na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Neemia, ambaye sauti yake ilisikika kutoka nyumbani kwake, juu ya sauti zote, akiongoza sala.